Naomba ushauri: sahani yangu ya moto inapitiliza joto

Hamjambo wadau. Natengeneza simu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, na nimejiundia sahani ya moto ya kuyeyushia solda kwenye bodi za simu, kutokana na pasi kuukuu ya wati 1000 niliyonunua Gikomba. Kihisi joto nimekifunga pembeni kwa skrubu. Rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inakata umeme kihisi kikisoma nyuzi 200. Shida ni kwamba umeme ukishakatika joto bado linapanda, hadi 240! Solda ya 63/37 (bati 63%, risasi 37%) huyeyuka kwa 183 tu, na bodi mbili zimeshababuka (moja ya mteja, nikalipa). Je, nisogeze kihisi katikati, chini ya bodi, au ninunue kidhibiti cha PID (kinachopunguza umeme kidogo kidogo joto likikaribia kiwango) pamoja na rilei ya kielektroniki? Waya wa athi (earth) nimeuunga kwenye bamba, kwa hilo msinigombeze.