Mjadala: Pembe za mamothi nazo ziwekwe chini ya CITES?

Hoja: Mwaka 2019 kule Geneva, Israel ilipendekeza mamothi, jamaa wa tembo aliyekwisha kutoweka, aingizwe katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kisha ikaliondoa pendekezo lake. Mamothi wa mwisho walikuwa kisiwani Wrangel miaka 4,000 hivi iliyopita, lakini pembe zao bado zinachimbwa Yakutia, Urusi, na kuuzwa nje bila kibali cha CITES. Tuendelee hivyo?

Msumeno: Mimi napinga kuziweka chini ya CITES. Pembe hizi zinatambulika, hivyo za tembo haziwezi kupitishwa kwa jina la mamothi. Kata kipande kwa upana, usikate kwa urefu. Kisugue kwa msasa laini mpaka king'ae, halafu tafuta mistari ya Schreger, mistari ya asili ya pembe, ile inayokatana karibu na ganda la nje. Pima kwa nyuzi (digrii) kona za makutano matano au zaidi, upate wastani. Nyuzi zaidi ya 115 ni tembo. Chini ya 90 ni mamothi.

Mizani: Na kati ya 90 na 115? Hapo wote wawili wanaingia, ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Kosa kubwa zaidi ni kupima mistari ya ndani, karibu na kiini. Kule hata pembe ya tembo husoma nyuzi chache, na afisa ataipitisha akidhani ni ya mamothi. Tena wapi utakata hereni au ushanga? Kilichochongwa kwa urefu hakionyeshi makutano hayo kabisa.

Msumeno: Kuna vivianiti, yale madoa ya buluu ya chuma na fosfati kwenye pembe za mamothi. Yamulike kwa taa ya urujuanimno, yatajitokeza kwa rangi ya zambarau.

Mizani: Yakiwepo. Si kila kipande kina doa, na kukosa doa hakuthibitishi kwamba ni tembo. Kinachokata mzizi wa fitina ni kaboni 14, kipimo cha umri: tembo aliyeishi baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 ana alama ya mabomu hayo kwenye pembe yake. Lakini kipimo hicho kinataka maabara na unga uliotobolewa kwenye pembe yenyewe. Hakifanyiki kaunta ya forodha, Mombasa wala kwingineko.

Udongo: Mnasahau wanavyochimba. Wanavuta maji ya mto kwa pampu na kuyarusha kwenye kingo zilizoganda mpaka zibomoke. Tope linajaza mto, na tabaka lililoonyesha mnyama alilala wapi, na mimea gani, linapotea moja kwa moja.

Msumeno: Hilo ni la sheria za Urusi. CITES inahusika vipi na mnyama aliyekwisha kutoweka?

Mizani: Soma Kifungu cha II, fungu la 2(b): spishi inaweza kuorodheshwa ili biashara ya nyingine idhibitike. Kiambatisho cha II hakipigi marufuku, kinadai kibali. Na kibali hicho kitaje uzito na picha ya pembe nzima kabla haijafika kwa mchongaji. Akishaigusa, ushahidi wa Schreger umekwenda na vumbi.