Naomba ushauri: apime UKIMWI leo au angoje miezi 3?

Kijana wa Forodha
Habari zenu wakubwa. Nina miaka 22, niliacha shule kwa kukosa karo, sasa napakia mizigo kwenye malori hapa Busia mpakani. Rafiki yangu alilala na binti bila kinga, sasa usingizi hapati. Apime leo au angoje miezi 3? Tafadhali msitukane.

Mzee wa Kahawa
Mwanangu, 1989 mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alipojitokeza hadharani kusema anaugua UKIMWI, sisi tulikuwa rika lenu. Tulikuwa tunazika kila wiki. Nyinyi mmeona vidonge vipo, mnadhani ni mafua. Mwambie atulie, aoe.

Mama Wawili
Mzee, kuoa hakuulizwa. Kijana, ilikuwa lini? Taja siku na saa.

Kijana wa Forodha
Siku hizi hizi tu. Lakini binti ni mzima kabisa, mnene, ngozi laini. Na rafiki ameshanunua rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki, ameanza kumeza.

Boda wa Steji
Steji yetu nzima inameza rangi mbili kila Jumatatu 😂 Mimi mwaka jana kisonono kilitulia wiki moja, kikarudi kwa hasira. Nilikojoa nikilia.

Mama Wawili
Rangi mbili haigusi virusi vya UKIMWI. Nauliza tena, lini?

Kijana wa Forodha
Jumamosi saa tano usiku. Ni mimi, mama. Muuguzi wa kituo chetu anaimba kwaya moja na mzazi wangu, ndiyo maana nimeamua kungoja.

Mchunguzi
Hii chai, umetunga. Mara rafiki, mara mimi. Mpakia mizigo gani anaandika hivi?

Kijana wa Forodha
Niliacha shule, kaka, kusoma sikuacha. Nimefuta ujumbe huu mara nne.

Mama Wawili
Iwe chai, kuna mwenzake anasoma kimya. Sasa ni Jumanne saa tatu asubuhi, saa 58 zimepita. Dawa ya kuzuia virusi, PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia. Wanakupima kwanza, kisha unameza siku 28 bila kuruka. Mimi nilimeza. Asubuhi kichefuchefu kilinimaliza, nikahamishia usiku baada ya posho, yaani ugali. Unaogopa kwaya? Panda teksi hadi Tororo, vituo vya serikali havidai pesa. Kipimo cha leo hakiwezi kuona maambukizi ya Jumamosi, kwa hiyo utarudi kupima tena.

Kijana wa Forodha
Bosi ana malori 3 ya mahindi yananingoja.

Mzee wa Kahawa
Mahindi yatapakiwa kesho. Nenda, mwanangu.

Kijana wa Forodha
Saa saba mchana. Niko foleni, mbele yangu watu 9.

Boda wa Steji
Na binti je?

Kijana wa Forodha
Hapokei simu. Jumapili alimeza P2, akasema yuko salama.

Mama Wawili
P2 ni ya kuzuia mimba tu. Mwandikie sasa hivi, saa zake zinakwisha pamoja na zako.