Kufuata pumzi kunatuliza akili, mbona umimi haupungui?

Mdadisi77

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua taratibu za Kibudha kwa undani, si misemo ya kubandika ukutani.

Zoezi la kufuata pumzi linafahamika: dakika 20 asubuhi, mgongo wima, akili ikitoroka unairudisha. Utulivu unapatikana, hilo halina ubishi. Lakini mtu huyohuyo akisahihishwa mbele ya wenzake saa mbili baadaye, anawaka. Akisifiwa, anavimba. Sifa za kazi yake zikichukuliwa na mwingine, usingizi unampaa.

Je, pumzi peke yake inaugusa umimi au inautuliza tu? Kama kuna zoezi linalougusa wenyewe, linafanywaje, hatua kwa hatua? Na ni makosa gani humfanya mtu azunguke palepale miaka nenda rudi? Utawa sitafuti, kubadili dini sitaki.

---

Mwanataamuli

Mkuu, pumzi peke yake inautuliza tu. Wabudha hutenganisha kazi mbili: samatha, yaani kutuliza, na vipassana, yaani kuona wazi. Akili ikitulia juu ya pumzi, kiburi na hasira hukosa pa kushika, ila mizizi inabaki. Ukinyanyuka, ukakutana na maneno yaleyale na watu walewale, navyo vinachipua. Usiiache pumzi lakini. Bila utulivu huo hutaona kinachofuata, maana kinapita haraka mno.

Katika mafundisho haya umimi si kitu kilichokaa kichwani kikisubiri kuuawa. Ni tendo: linafanyika, linaisha, linafanyika tena. Mfuatano wake ni huu. Sikio linakutana na sauti (phassa). Papo hapo inazuka hisia ya awali, vedana, ambayo ina ladha tatu tu: tamu, chungu, au ya katikati. Inafuata tanha, ile hamu ya kuvuta au kusukuma. Halafu upadana, kung'ang'ania, na hapo ndipo maneno yanapomiminika: "amenidharau", "watanionaje", "atanijua mimi ni nani". Mtu asiye na mazoezi hushtuka akiwa tayari kwenye sentensi ya kumi. Pa kufanyia kazi ni kwenye vedana.

Tenga dakika 40. Kumi au kumi na tano za mwanzo ni pumzi kama kawaida. Kisha tumia njia ya kutaja, ile aliyoieneza Mahasi Sayadaw wa Burma (1904–1982). Usikivu uweke tumboni. Tumbo likipanda taja kimoyomoyo "kupanda", likishuka taja "kushuka". Usiiongoze pumzi, iache iende inavyotaka. Kitu kingine kikivuta kwa nguvu, acha tumbo ukitaje: "kusikia", "kuwaza", "kuwasha", "maumivu". Kikififia, rudi tumboni. Kule kutaja kuwe kwa chinichini sana. Sehemu kubwa ya usikivu ibaki kwenye kuhisi kitu chenyewe.

Wazo lenye umimi likija (litakuja, huna haja ya kuliita), achana na maneno yake ukatafute mwilini. Mara nyingi liko kifuani, kooni, kwenye taya, au masikio yamepata joto. Kisha taja ladha. Hapa wengi huteleza kwa kudhani umimi huambatana na uchungu tu. Kumbukumbu ya kusifiwa ni tamu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayoulisha zaidi, kwa sababu hakuna anayefikiria kuichunguza. Baada ya ladha, tulia nayo mpaka ibadilike yenyewe, na uangalie inabadilikaje: inahama, inapungua, inakatikakatika.

Ukishaona badiliko hilo kwa macho yako ya ndani ndipo uulize maswali ya Anattalakkhana, mahubiri ambayo Budha aliwapa watawa watano wa kwanza pale Isipatana, karibu na Varanasi. Hiki kinadumu au hakidumu? Kisichodumu ni raha au ni taabu? Na kitu kisichodumu, chenye taabu, cha kubadilika, chafaa kuitwa "changu, ndiye mimi, ndiyo nafsi yangu"? Maswali hayo Budha aliyapitisha kwenye mafungu yote matano yanayomuunda mtu: mwili, hisia, utambuzi wa vitu, misukumo ya akili, na fahamu. Ukiuliza kabla ya kuona, utapata jibu sahihi lisilobadilisha chochote.

Makosa matatu nayaona mara kwa mara:

- Kutaja kugeuka maelezo. "Kuwaza" inakuwa "nawaza tena kuhusu yule bwana, kwa nini siachi". Kata, rudi kwenye neno moja.
- Kuisukuma pumzi ili tumbo lionekane vizuri. Kifua kinabana, kichwa kinauma. Hamishia usikivu kwenye mguso wa makalio na sakafu kwa dakika chache.
- Kujenga mtazamaji. Hili ni la hatari zaidi kwa sababu linapendeza: mtu anajiona yeye ndiye "shahidi" mtulivu anayeangalia mawazo kutoka juu. Huyo shahidi ni umimi uliopandishwa cheo. Fahamu nayo ni fungu mojawapo kati ya yale matano. Ukimhisi shahidi, taja "kujua", kisha angalia kama kule kujua nako hakuzuki na kuisha na kila sauti.

---

BiSubira

Mwanataamuli kaeleza vizuri ya kwenye mto wa kuketia. Mdadisi, umimi unaoulalamikia wewe lakini unatokea mbele ya watu, kwa hiyo hukohuko ndiko utakakofanyia nusu ya kazi.

Anza na mana, tabia ya kujipima. Mafundisho yanaitaja kwa sura tatu: mimi ni bora kuliko yule, mimi ni sawa na yule, mimi ni duni kuliko yule. Zote tatu ni mana. Anayejidharau siku nzima hajaupunguza umimi hata kidogo. Bado kipimo ni yeye. Wiki ya kwanza usirekebishe kitu. Kila ukijikuta unajipima na mtu, taja "kulinganisha", na uongeze sura yake: juu, sawa, chini. Utachoka kutaja kabla ya saa sita mchana.

Wiki ya pili ongeza dawa kulingana na sura. Ukijikuta chini kwa wivu, tumia mudita, yaani kufurahia heri ya mwenzako: itamkie heri ile bahati ya mwenzako kwa maneno mahususi ("kazi yake iendelee kustawi"), si heri ya jumla. Ukijikuta juu, orodhesha kimoyomoyo watu na hali zilizowezesha hilo unalojivunia. Orodha ikizidi watano, joto la kujisifu hupungua lenyewe.

Kuna pia matendo. Toa kitu bila jina lako kuonekana, kisha chunga ile hamu ya kutaka ijulikane ni wewe. Hamu hiyo ndiyo somo lenyewe. Katika mabishano, kabla ya kujibu, rudia hoja ya mwenzako mpaka akubali kuwa umeielewa. Na kisa unachotaka kukisimulia kwa sababu tu kinakupamba, kiache nusu njia.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa kawaida wamelisahau kabisa: pavarana. Watawa wakimaliza miezi mitatu ya makazi ya mvua, kila mmoja huwaalika wenzake wamwonye kwa lolote waliloliona, walilolisikia au wanalolishuku. Mtu wa nyumbani anaweza kuiga. Chagua mtu mmoja mwenye huruma na asiyekuogopa, mwombe kila baada ya miezi mitatu akutajie jambo moja. Sharti: unajibu "asante" basi, na kwa siku moja hujitetei, hata kwa ujumbe wa simu. Usimchague mtu mwenye kinyongo nawe, wala mtu unayemlipa mshahara.

---

Mto_Mkavu

Niongeze upande wa Tibet, maana hapo juu panaelemea uchambuzi, na kuna mtu atachambua mafungu matano hadi uzeeni huku akibaki mchoyo vilevile.

Mapokeo ya lojong, mafunzo ya akili yanayotokana na mwalimu Atisha (982–1054) na kupangwa na mtawa Chekawa katika vipengele saba, yanalenga kujipendelea: kule kuamini kwamba raha yangu ina uzito kuliko ya mwingine. Zoezi lake kuu ni tonglen, kutoa na kupokea. Kaa kimya dakika 5 hadi 10 kwanza. Kisha anza na hali tu, bila mtu: ukivuta pumzi, ingiza uzito, joto na giza; ukitoa, toa wepesi, ubaridi na mwanga. Pumzi kumi na tano hivi, mpaka mwendo ushike. Hapo mlete mtu mmoja mwenye shida unayoijua. Vuta shida yake, mpe nafuu. Mwishoni panua kwa wote wenye shida kama hiyo saa hii. Jumla dakika 10 hadi 15.

Ukivuta, uzito usiuache ukae kifuani kama mzigo. Unaipiga ile sehemu ngumu ya kujipendelea, unaivunja, unaisha. Wanaosahau hatua hii huondoka wamechoka kuliko walivyokuja.

Mtu uliyegombana naye si wa siku ya kwanza. Kama hata mtu wa kati, usiyempenda wala kumchukia, anakugomea, rudi kwanza kwenye metta, zoezi la kutakia heri, kwa mpangilio wa Buddhaghosa, mfafanuzi wa kale wa maandiko ya Kibudha: wewe mwenyewe, mtu unayemheshimu, rafiki, mtu wa kati, ndipo mwenye uhasama. Aliyefariki usimweke kwenye orodha hiyo.

Na pale lojong inapofundisha kuelekeza lawama zote sehemu moja, sehemu hiyo ni kujipendelea, si wewe. Mtu mwenye kujichukia akiichukua vibaya, anageuza zoezi kuwa fimbo ya kujichapia. Mwenye huzuni nzito au aliyepitia ukatili aanze na metta, na asilifanye hili bila mtu wa kumwongoza.

---

Kijiti

Sasa mbona hamjamwambia wazi kwamba nafsi haipo? Ndiyo msingi wa Ubudha. Akishalijua hilo kweli, kuna nini cha kufanyia mazoezi?

---

BiSubira

@Kijiti, mtafutaji mmoja aitwaye Vacchagotta alimuuliza Budha moja kwa moja kama nafsi ipo. Akanyamaza. Akamuuliza kama haipo. Akanyamaza tena. Katika Sabbasava, mahubiri mengine ya Budha, "nina nafsi" na "sina nafsi" zote zimewekwa kwenye fungu la mitazamo inayomnasa mtu. Alichofundisha ni kuangalia kila fungu na kuona kwamba si langu. Ukiifanya "sipo" kuwa imani, umempa umimi hoja ya kushindania jukwaani.

Kuna madhara ya vitendo pia. Mtu anayejilazimisha kuhisi "sipo" anaweza kuingia kwenye hali ya kujiona si halisi: dunia kama iko nyuma ya kioo, wapendwa hawamgusi, usingizi unapotea, hofu bila sababu. Hayo si mafanikio. Acha vikao virefu na acha kutaja. Tembea, kula vizuri, lala, shika kazi za mikono, zungumza na watu. Yakiendelea, muone daktari wa afya ya akili na umweleze wazi kwamba umekuwa ukifanya taamuli.

La mwisho upande huu: mwalimu anayedai utii, fedha au mwili wako kwa kisingizio cha "kuvunja ego yako", ondoka. Umimi unaokua hapo ni wake.

---

Mdadisi77

Nashukuru sana wote. Mawili yamebaki. Nipange vipi haya yote bila kuyachanganya? Na nitajuaje kama kuna kinachopungua, kama vikao vizuri si kipimo?

---

Mwanataamuli

Vikao si kipimo, kweli. Kikao chenye mwanga na raha huweza kuongeza majivuno kuliko kuyapunguza. Pima mambo ya mchana: ukichomwa na neno, joto linadumu muda gani kabla halijakatika, inakuchukua muda gani kuomba radhi, unaweza kusema "sijui" mbele ya watu unaotaka wakuheshimu? Andika mstari mmoja kila jioni, linganisha baada ya miezi mitatu. Na wa nyumbani kwako wakisema umekuwa baridi au mbali, wasikilize wao kabla ya kujisikiliza wewe.

Usitegemee kiburi kiishe mapema. Katika orodha ya Kibudha ya vifungo kumi vinavyomfunga mtu, mtazamo wa kwamba mafungu haya ni nafsi hukatika kwenye hatua ya kwanza ya uamsho, lakini mana husubiri hatua ya mwisho kabisa. Mtawa Khemaka alieleza hivyohivyo: hakuna fungu aliloliita nafsi, ila ile "mimi nipo" ilibaki, kama nguo iliyofuliwa ikawa safi na bado ina harufu ya dawa ya kufulia. Kwa hiyo ukiona kiburi kimerudi, taja, endelea.

Mpangilio: miezi miwili ya kwanza pumzi na kutaja asubuhi, na "kulinganisha" mchana. Basi. Mwezi wa tatu ongeza metta dakika 10 jioni. Tonglen ije metta ikishafika kwa mtu wa kati bila kulazimisha. Pavarana unaweza kuianza wakati wowote, na kama muda ni mfinyu, punguza kikao cha asubuhi kabla ya kuipunguza hiyo. Siku ambayo huwezi kuketi, tembea hatua ishirini kwenda na kurudi ukitaja "kuinua, kupeleka, kuweka" kwa kila mguu, dakika 15, macho yakiangalia mita mbili mbele, si miguuni.