FORTRAN ya zamani: DEBUG UNIT, SUBCHK, INIT na AT ni nini, na kwa nini ziwa linashuka mita moja kila siku?

nyegezi_maji aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, nahamisha programu ya FORTRAN (lugha ya zamani ya kuandikia programu) ya kukokotoa kimo cha maji ya Ziwa Victoria kutoka kwenye karatasi zilizochapwa, naiweka kwenye laptop yenye Linux na gfortran, kompaila ya FORTRAN ya siku hizi. Mwishoni mwa programu kuna mistari hii:

      DEBUG UNIT(6), SUBCHK, INIT(ALEVEL), TRACE
      AT 20
      TRACE ON
      DISPLAY EVAP

Kompaila inaikataa yote. Nikiifuta, programu inakubali, lakini majibu ni ya ajabu: naanza na mita 1134.56 juu ya usawa wa bahari, halafu kila siku ziwa linashuka mita moja kamili. Vijana waelewe kwa urahisi, nimebadilisha majina: ALEVEL sasa ni KIMO, RAIN ni MVUA, EVAP ni UVUKIZ. Hesabu yenyewe sijaigusa:

   20 KIMO = KIMO + MVUA - UVUKIZ

Nahitaji kujua maana ya maneno hayo ya DEBUG, na kosa liko wapi.

---

kadi80 alijibu:

Mkuu, umefanya vizuri kuifuta. Maneno hayo hayajawahi kuwa sehemu ya FORTRAN sanifu. Yalikuwa nyenzo ya kusaka makosa ya programu, kwenye kompaila ya FORTRAN IV G ya IBM System/360 (kompyuta kubwa za zamani), na yalikaa mwishoni kabisa, kabla ya END, ili yaondolewe bila kugusa hesabu.

UNIT(6) inasema taarifa ziandikwe wapi. Kwa kawaida 6 ilikuwa printa. SUBCHK inakagua kama namba ya nafasi kwenye arei (orodha ya thamani zenye jina moja) imevuka mpaka. Leo tumia -fcheck=bounds, ila jua tofauti: SUBCHK iliandika onyo na programu ikaendelea na nafasi ileile mbovu, gfortran inasimamisha programu papo hapo. INIT(ALEVEL) inachapa thamani ya ALEVEL kila inapowekwa upya.

AT 20 maana yake "kabla ya kutekeleza mstari wenye lebo 20 (namba iliyoandikwa mwanzoni mwake), fanya yafuatayo". TRACE inachapa lebo kila programu inapoipitia, na hapa wengi hukosea: TRACE kwenye mstari wa DEBUG ni ruhusa tu. Haichapi kitu mpaka ifikie TRACE ON. DISPLAY inachapa jina na thamani yake.

Kupata kazi hiyo leo:

gfortran -g -O0 -Wall -fcheck=all ziwa.f -o ziwa
gdb ./ziwa

Ndani ya gdb (chombo cha kufuatilia programu inavyotekelezwa) andika break MAIN__ (chini ya mstari mara mbili mwishoni), kisha run, kisha watch kimo. Hiyo watch ndiyo INIT yako. Badala ya AT, weka break ziwa.f: ikifuatwa na namba ya mstari ndani ya faili, si lebo. Majina andika kwa herufi ndogo.

---

mwaloni alijibu:

Kosa liko kwenye majina, na hili litamkuta kila anayeandika FORTRAN kwa Kiswahili. Jina lisilotangazwa aina yake, likianza na herufi I, J, K, L, M au N, ni namba kamili. Mengine yote ni namba za desimali. Ona maneno yetu: KIMO, KINA, MVUA, MAJI, MTO, JUMLA, JOTO, LITA. Yote yanaangukia humo!

Kwa hiyo 1134.56 imekatwa ikawa 1134. Mvua ya milimita 4.7, yaani mita 0.0047, imekuwa 0. UVUKIZ, tuseme milimita 4 yaani mita 0.004, inaanza na U, imebaki desimali. 1134 + 0 - 0.004 ni 1133.996, na ikiwekwa ndani ya KIMO desimali zinakatwa, hazikadiriwi. Inabaki 1133. Ndiyo hiyo mita moja.

Aliyeandika mwanzo alijua. Ndiyo sababu aliweka A mbele ya LEVEL.

Weka juu kabisa ya kila programu na kila subrutini, kuanzia kolamu ya 7:

      IMPLICIT NONE
      REAL KIMO, MVUA, UVUKIZ

Tangaza na vigeu (majina yanayobeba thamani) vingine vyote, maana IMPLICIT NONE inakataa jina lisilotangazwa. IMPLICIT NONE itanasa pia DO 20 K = 1.30, nukta ikiwa imekaa mahali pa koma. FORTRAN ya kadi (muundo wa zamani wa kadi zilizotobolewa) haijali nafasi tupu, hivyo inasoma hapo kigeu kipya kiitwacho DO20K chenye thamani 1.30, na mzunguko haupo tena. Na angalia urefu wa mistari yako: kinachovuka kolamu ya 72 hakisomwi. -Wall itakuonya.

---

nyegezi_maji alijibu:

Asanteni sana, mita moja imeondoka. Sasa nimebadilisha hatua kutoka siku kwenda saa, UVUKIZ nikaigawa kwa 24. Siku isiyo na mvua ziwa linapaswa kushuka milimita 4, lakini linashuka 2.93 tu.

---

kadi80 alijibu:

REAL ya kawaida ina baiti 4. Kwenye namba kati ya 1024 na 2048 haiwezi kusogea kwa hatua ndogo kuliko mita 0.000122. Uvukizi wako wa saa moja ni mita 0.000167, ambayo ni hatua 1.37, ikakadiriwa kuwa hatua 1. Zidisha milimita 0.122 kwa 24, utaipata hiyo 2.93.

Tumia DOUBLE PRECISION KIMO, MVUA, UVUKIZ, na andika 0.004D0 badala ya 0.004. Usikimbilie -fdefault-real-8 kama programu inasoma faili za zamani zisizo za maandishi: itatarajia baiti 8 palipoandikwa 4 na kusoma takataka. Ukitaka kubaki na REAL, hesabu tofauti kutoka mita 1134 badala ya kimo chote, yaani anza na 0.56, kisha ongeza 1134 wakati wa kuchapa tu.