Tupeane uzoefu: Kuzunguka Kyoto kwa treni

Mleta mada: Wakuu salaam. Ndugu zetu wanaokwenda Kyoto, Japani, kusoma au kutembea, kila mmoja anaambiwa apande basi. Mimi nasema treni kwanza. Za chini ya ardhi ni njia mbili tu: Karasuma, kaskazini hadi kusini, ipo tangu 1981, na Tozai, mashariki hadi magharibi, ya 1997. Zinakutana kituo cha Karasuma Oike. Reli nyingine ni za kampuni za JR, Hankyu, Keihan na wengineo. Mliokaa huko, karibuni.

Mdau, Arusha: Umegusa penyewe mkuu. Nilisoma huko nikikaa Demachiyanagi, mwisho wa reli ya Keihan. Wageni wengi hawajui kwamba Keihan haifiki stesheni kuu ya Kyoto. Ukitoka kituo cha Gion-Shijo na mabegi unawahi shinkansen, treni ya mwendo kasi, shuka Tofukuji, hamia JR ya njia ya Nara. Kituo kimoja tu umefika. Kadi ya nauli ni ileile, ICOCA au Suica, unagusa tu getini. Ila Novemba mchana Tofukuji panafurika, watu wanafuata majani mekundu ya hekalu. Hata hivyo afadhali hapo kuliko basi la Gion msimu huo: limejaa hadi mlangoni, na barabara haisogei.

Mdau, Mombasa: Mimi nilimpeleka mamangu Fushimi Inari, mahali pa ibada ya Kishinto penye malango mekundu. Miguu inamsumbua, kwa hivyo tulichukua JR ya Nara, ile inayosimama kila kituo. Ya haraka inapita Inari bila kusimama. Kituo cha pili kutoka stesheni kuu tukashuka. Kutoka nje tu, lango jekundu liko ng'ambo ya barabara. Mama alifurahi mno, akapata nguvu za kupanda ngazi za mwanzo.

Mdau, Dodoma: Kinkaku-ji, lile hekalu la dhahabu, hakuna reli. Nilikuwa napanda Karasuma hadi Kitaoji, basi nachukulia hapo. Tiketi ya siku nzima ya subway na basi ni yeni 1,100. Ile ya basi peke yake waliacha kuiuza 2023 kwa sababu mabasi yalizidiwa.

Mleta mada: Na Arashiyama, kule magharibi mwa mji, je?

Mdau, Arusha: Kutoka stesheni kuu, JR ya Sagano, shuka Saga-Arashiyama. Kama huna haraka, nenda Shijo-Omiya upande Randen, tramu ya huko. Mara nyingi ni behewa moja, mahali pengine linapita barabarani pamoja na magari, na vituo vingi nauli unalipa mbele kwa dereva ukishuka.