Amu ni mji wa waenda kwa miguu, na waenda kwa miguu hatuna njia

Ndugu zangu wa Amu, mji wetu wa Lamu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Juzi alasiri, bahari ikiwa imejaa kupita kawaida kwa maji ya bamvua, nilimkuta shangazi yangu, mtu aliyevuka miaka sitini, kwenye njia ya kwenda Shela, kijiji jirani, pale ukuta wa pwani unapokatika, amevua viatu, amekunja buibui hadi magotini, kikapu kichwani, anaingia majini. Mawe ya pale yana utelezi wa mwani. Aliteleza mara mbili, na kilo mbili za unga alizotoka kununua sokoni zikawa uji kabla ya kufika jikoni.

Bamvua si janga la kushtukiza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana karibu na alfajiri na tena alasiri, yaani saa zilezile ambapo watoto wanatoka shuleni na vibarua wa Shela wanarudi mjini. Nahodha yeyote atakutajia siku hizo bila kushika kalamu, lakini ofisi inayohusika, ambayo nimeiandikia barua mara tatu, haijazijua. Jibu pekee nililopata, tena kwa mdomo, ni kwamba "kuna njia ya ndani".

Njia ya ndani naijua, nimeipita. Mchanga wake ni mzito kiasi kwamba muuza mikate hulazimika kushuka na kuisukuma baiskeli yake, taa hakuna hata moja, na pikipiki zinapita kwa kasi kana kwamba sisi ndio tuliovamia barabara yao. Mwenye kiti cha magurudumu hapiti kabisa, ingawa Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya kufika mahali pote bila vikwazo visivyo vya lazima.

Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na vichochoro vyake vilipimwa kwa mtu na punda wake. (Wageni huvipiga picha, sisi huruka mifereji ya maji machafu iliyo wazi.) Wala tusirushiwe mpira kwamba kazi hii ni ya Nairobi, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti barabara zake pamoja na taa zake. Tunachodai ni njia iliyoinuliwa juu ya kimo cha bamvua kutoka Amu hadi Shela, yenye upana wa kutosha baiskeli kupishana na punda aliyepakia mzigo, yenye taa, na iliyofungwa kwa pikipiki.

Bamvua lingine ni baada ya wiki mbili. Saa kumi alasiri nitakuwa pale ukuta unapokatika, na afisa aliyenielekeza njia ya ndani namkaribisha aje, viatu mkononi.