Mtoto anayefanya kazi dukani kwa baba: alipwe, au asubiri mirathi?

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naileta mada hii kwa uchungu, maana ndugu wa tumbo moja wanafika hadi ya kutozikana kwa sababu ya duka. Hapa kwetu Pemba kijana akimaliza skuli, baba humwambia "njoo unisaidie", na msaada huo huendelea mpaka kijana anaoa, anazaa na mvi zinamwingia. Mshahara hana. Akiwa na shida anachukua kidogo kwenye droo, na wote wameridhika.

Siku baba akifariki ndipo mambo yanapoharibika. Faraidh, yaani sheria ya Kiislamu ya kugawa mirathi, haiulizi nani alifungua mlango alfajiri. Aliyekaa nyuma ya kaunta miaka 20 na nduguye aliyekuwa Muscat wanapata fungu sawa, na dada zao kila mmoja nusu ya fungu hilo. Hiyo ni hukumu ya Mwenyezi Mungu, sina neno nayo. Neno langu ni kwa baba aliyenyamaza.

Utaratibu tunaujua: gharama za mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi, kisha mirathi. Wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie, kwa hiyo mzee anayesema moyoni "nitamkumbuka kwenye wasia" hana alichomwekea mwanawe. Lakini mshahara uliokubaliwa na haukulipwa ni deni, na deni hutolewa kabla mtu hajagaiwa kitu. Wakiwa walikubaliana ushirika, sehemu ya mtoto haimo kabisa katika mali ya marehemu. Kesi ikifika kwa kadhi, au hesabu ikipelekwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kinachotizamwa ni kilichothibitika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Haikuwatoa baba na mwana.

Mchumaji karafuu, hata akiwa mgeni wa shamba, hapandi mkarafuu kabla ya kujua pishi moja atalipwa shilingi ngapi. Mtoto wa nyumbani ndiye asiyejua.

Na mke je? Wapo waliouza bangili zao zikawa mtaji wa duka la mume. Mume akifa ameacha watoto, mke ana thumni, yaani moja ya nane, na akiwa na mke mwenza wanagawana hiyo hiyo, basi. Bangili zile, kama hazikuandikwa kuwa ni mkopo au hisa, nani atazisemea mbele ya watoto wa mke mwenzake?

Naomba michango yenu.

Mchangiaji:
Sikubaliani nawe. Ukimlipa mwanao umemgeuza kibarua. Baba kamsomesha, kamtolea mahari, kampa chumba cha kuishi. Hayo yataandikwa wapi? Halafu kijana akishashika mshahara wake, mwaka haumaliziki ameshaondoka, na mzee anabaki na wafanyakazi wa kuajiri wanaomuibia. Duka la familia linasimama kwa kuaminiana, si kwa makaratasi.

Mleta mada:
Shukrani, kaka. Kuhusu wafanyakazi wa kuajiri nakubali, hofu hiyo ni ya kweli. Na duka dogo lisilo na faida ya kutosha haliwezi kutoa mshahara kila mwezi. Hapo waandikiane sehemu ya faida, hata ikiwa moja ya kumi. Lakini skuli na mahari baba aliwatolea pia wale wasiowahi kukanyaga dukani, kwa hiyo hayo si malipo ya kazi. Kuaminiana kwa baba na mwana kupo, sikatai. Ila watakaogawana ni ndugu, wake zao na waume zao, ambao hawakuwepo wakati wa ahadi.

Unasema ataondoka. Akiondoka na miaka 25 ana nguvu za kufungua lake. Akitolewa na miaka 45 kwa kuwa warithi wameamua duka liuzwe, ataanzia wapi, na watoto wake wako skuli?